Skyrim: Ebony Blade inadai damu ya marafiki. Niulishe upanga huu au niuache?

MwanaTabata (Tabata Segerea)

Wakuu, habari za usiku. Naomba wanaoijua gemu ya Skyrim vizuri wanishauri kabla sijaseivu kitu kisichorudi nyuma.

Nacheza ile ya mwaka 2011, siyo toleo jipya la Special Edition, kwa sababu laptopu yangu ni used ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na RAM yake ni 4GB. Nikishusha vivuli gemu inateleza vizuri tu. Mhusika wangu ni Mnord (kabila la watu wa kaskazini), anatumia silaha za mikono miwili na deraya nzito, yuko levo 24.

Juzi nimemaliza misheni ya The Whispering Door. Kwa ambao hawajaifikia: ukishafika levo 20 unamuuliza Hulda, yule mama mwenye baa ya Bannered Mare pale Whiterun, mjini kuna habari gani. Anakwambia watoto wa Jarl, mtawala wa mji, wamebadilika. Jarl Balgruuf mwenyewe anakuomba uzungumze na mwanawe Nelkir, na yule mtoto anakueleza kuna mwanamke anamnong'oneza kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, huko chini ya Dragonsreach, ikulu ya Jarl. Mwanamke huyo ni Mephala, mmoja wa Madaedra, yaani miungu wa kutisha wa gemu hii. Ufunguo anao Jarl na anao mchawi wake Farengar. Mimi niliuchukua mfukoni kwa Farengar. Ndani kuna chumba kidogo, upanga mweusi mwembamba mezani, na kando yake kijitabu cha kumwonya yeyote atakayeushika.

Sasa upanga ninao. Kila nikipiga unamnyonya adui afya 10 na kunipa mimi. Ili ufike 30 lazima niue nao watu kumi walioniamini, yaani marafiki, wale ambao nimewafanyia kazi wakanipenda. Nikitafuta mtandaoni naona kila mtu anaelekeza rafiki gani ni rahisi kumuua na wapi hakuna shahidi.

Jana nimetoka na Lydia mpaka lile daraja la Riverwood, nikauchomoa. Lydia ndiye mlinzi niliyepewa na Balgruuf baada ya joka la kwanza pale kwenye mnara wa magharibi, na tangu hapo amebeba mizigo yangu yote, vyuma vya Dwemer mpaka mifupa ya majoka. Mdogo wangu wa darasa la sita huwa anakaa pembeni akitazama, na kila nikiingia nyumbani Breezehome lazima amsalimie Lydia. Akaniuliza, "Kaka, huyo amekosa nini?" Sikuwa na jibu, nikaurudisha upanga alani.

Swali langu: kwa mtu wa mikono miwili, huu upanga unastahili gharama yake? Na kama haustahili, nishike nini badala yake?

---

FundiPedi (Kariakoo, Msimbazi)

Mkuu, karibu. Mimi nakupa hesabu, uamuzi utabaki kwako.

Ebony Blade dameji yake ya msingi ni 11. Hiyo ni ndogo sana kwa silaha ya mikono miwili, maana panga kubwa za kawaida, ebony greatsword ni 22 na Daedric greatsword ni 24. Ukiangalia hapo tu utaona umepewa kisu cha jikoni. Lakini usiishie hapo.

Kwanza, spidi. Ebony Blade unapigwa kwa kasi ya upanga wa mkono mmoja, huku ukifaidi nyota zako zote za Two-Handed, yaani ujuzi wa mikono miwili uliojifungulia. Pili, uchawi wake hauishi. Silaha nyingine yoyote yenye uchawi utailisha mawe ya roho mpaka uchoke. Huu hauombi kitu. Tatu, ile 30 ukishaifikisha inafanya kazi mara mbili, adui anapungukiwa na wewe unaongezeka. Kwa mtu anayesimama katikati ya draugr (maiti waliofufuka) wanne, hiyo ni uhai.

Ubaya wake mkubwa ni ufundi wa chuma. Nyota za Smithing haziupi ile nyongeza ambayo silaha za kawaida zinapata. Kwa hiyo kadiri unavyopanda levo, mwenzako mwenye Smithing 90 na Daedric yake aliyoinoa mwenyewe atakuacha mbali kwa pigo moja moja.

Maoni yangu: ukiwa huna mpango wa kukaa kwenye kinu cha mhunzi, ulishe. Seivu kwanza kwenye faili la pembeni, lisiwe lile la kila siku. Na usifanyie mjini watu wakiwa macho, faini ya mauaji ni dhahabu 1000 kwa kila mmoja.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kama unakimbizia ile tuzo ya Oblivion Walker ya silaha na vifaa 15 vya Madaedra, kuuchukua tu mezani kumeshahesabiwa. Kuulisha hakukuongezei chochote upande huo.

---

Bi_Upinde (Kigamboni)

MwanaTabata, nimesoma uzi wako nikiwa kwenye pantoni narudi nyumbani, nikaona nisilale bila kujibu. Hesabu za FundiPedi ni sahihi, sina cha kupunguza. Ila swali aliloliuliza mdogo wako ndilo lenyewe, na hesabu hazilijibu.

Mimi naipenda misheni hii kuliko nyingi za Skyrim, na naipenda kwa sababu inakutaka uamue mtu wako ni nani. Tazama ilivyopangwa. Silaha nyingi kwenye gemu hizi zinakuomba nguvu: ua joka, shuka kaburini, rudi na rungu. Mephala haombi nguvu. Anaomba kile ulichokusanya taratibu bila kujua kama kina bei, yaani watu kukuamini. Ulipomsaidia Faendal na ile barua ya Camilla, ulipompasulia Hod kuni pale Riverwood ukamuuzia, ulikuwa unapita tu njia yako. Kumbe kulikuwa na daftari mahali fulani linaandika nani sasa anakuita rafiki. Ebony Blade unalifungua daftari hilo na kukuonyesha majina.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Tanga, alikuwa akitusimulia habari za Fumo Liyongo wa Pate. Liyongo alikuwa hodari wa upinde na hodari wa mashairi, na hakuna chuma kilichomdhuru isipokuwa sindano ya shaba, nayo lazima ichomwe kitovuni. Mfalme alishindwa kumpata kwa askari. Akamwita mtoto wa Liyongo, akamwambia akiitafuta siri ya babaye na kuimaliza kazi, ataozwa binti wa mfalme. Hapo una kila kitu: misheni, silaha, zawadi. Kijana akaenda kumuuliza baba yake. Na hapa bibi alikuwa anashusha sauti kila mara: Liyongo alijua mwanawe ametumwa, na bado akamwambia. Akachomwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti na kuvuta mshale, akafa katika hali hiyo hiyo. Watu wa mji wakakaa na kiu, hakuna aliyethubutu kusogea kuteka maji, kwa sababu kwa mbali walimwona bado amelenga. Na yule kijana binti hakumpata.

Nilipouona Ebony Blade kwa mara ya kwanza nikasema, hii ndiyo ile sindano ya shaba. Haimwingii adui. Inamwingia yule aliyekupa siri yake.

Kwa hiyo jibu langu halisemi kuua marafiki kwenye gemu ni dhambi. Nasema upanga huu una mwenyewe, na mwenyewe siye Mnord wako. Huyo uliyetueleza ni mtu anayepigana mbele, amevaa deraya nzito, ana mwenzake anayembebea mizigo na nyumba ambayo mtoto wa darasa la sita huwa anaingia kutoa salamu. Huyo akianza kuwachinja watu wa Riverwood mmoja mmoja porini, utaendelea kucheza naye lakini hutamjua tena. Ukiutaka upanga huo kwa dhati, anza mtu mpya. Mfanye msaliti tangu Helgen, pale gemu inapoanzia. Ajipendekeze kwa kila mtu, agawe zawadi, asikilize shida za watu akiwa na hesabu zake kichwani. Kwa mtu wa aina hiyo hakuna silaha nyingine katika nchi nzima ya Skyrim inayomfaa kama huo, na kila nukta ya ile 30 itakuwa na jina la mtu.

Kuna jambo moja dogo pia ulifikirie. Kwenye Skyrim rafiki yako akifa, tarishi anaweza kukukimbilia barabarani na barua ya urithi. Marehemu alikukumbuka, amekuachia dhahabu, Jarl ameshakata kodi yake, hizi hapa zako. Ni barua fupi na maneno yake ni ya kawaida kabisa. Mimi niliipata kwa rafiki aliyeuawa na joka, si kwa mkono wangu, na bado nilisimama pale njiani nikaisoma tena. Fikiria inakufikia wewe na upanga ule ukiwa mgongoni.

Suala la nishike nini badala yake, niambie kwanza unapiganaje. Unapenda kupiga haraka haraka au pigo moja zito?

---

MzeeWaVelen (Sinza)

Nimefurahia sana maelezo ya dada Bi_Upinde, hasa Liyongo. Ila naomba nitofautiane naye kidogo, kwa heshima.

Tatizo langu na Ebony Blade ni kwamba Skyrim haibebi uzito wa kile inachokuomba. Unamuua mtu wa Riverwood, majirani wanapiga kelele siku hiyo, ukilipa faini kesho mlinzi anakusalimia kama kawaida. Mke wa marehemu anaendelea na shughuli zake. Misheni imeandikwa vizuri mlangoni, lakini ukishatoka na upanga hakuna anayekuuliza chochote. Yule mtoto wa darasa la sita ameuliza swali ambalo gemu yenyewe haikuuliza.

Linganisha na gemu ya The Witcher 3 ya mwaka 2015, na hapa ambaye hajacheza aruke aya hii na inayofuata. Geralt, yule unayemchezesha, ana panga mbili, ya chuma kwa ajili ya watu na wanyama, ya fedha kwa ajili ya majini na mazimwi. Ukifika jimbo la Velen unakutana na Baron wa Crow's Perch, mlevi aliyempiga mkewe mpaka mke akakimbia. Njia ya kumtafuta mke huyo inakupitisha kwenye mti mmoja, Whispering Hillock, ambamo imefungwa roho. Ukiifungulia, watoto yatima wa kinamasi wanapona, lakini mke wa Baron anageuzwa kiumbe cha majini na kufa, na Baron anajinyonga. Ukiiua roho, watoto wanaliwa na vikongwe watatu wachawi wa kinamasi, mke anabaki hai ila akili imempotea, na Baron anaondoka naye kumtafutia mganga milimani.

Panga zote mbili zipo mgongoni na hakuna inayokusaidia hapo. Halafu unarudi Crow's Perch na kuyakuta matokeo yamekusubiri uwanjani. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye misheni. Silaha hata iwe na dameji gani, kama ulimwengu haukumbuki ilipopita, kwangu imebaki kuwa namba.

Laptopu ya 4GB haitaifungua hiyo, najua. Lakini Undertale itafunguka, ni gemu ndogo ya mwaka 2015 iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Toby Fox. Unaweza kuimaliza yote bila kuua kiumbe hata kimoja, na ukiua, inakumbuka. Mchezeshe na mdogo wako, ataielewa upesi kutuzidi.

---

Bi_Upinde (Kigamboni)

MzeeWaVelen, nakubali majirani wanasahau upesi, hilo ni pungufu kweli. Lakini si kila kitu kinasahaulika. Aliyekufa Riverwood harudi. Alvor akiondoka hakuna tena mhunzi wa kijiji, Faendal akiondoka umepoteza mtu wa kukufundisha upinde na mwenza wa safari. Mimi nimetembea kwenye kijiji cha namna hiyo kwenye PS3 ya kaka yangu, aliyekuwa amepita nao upanga huo kabla yangu. Kinu kipo, moto unawaka, hakuna mtu. Gemu haikusema neno na sikuhitaji iseme.

---

MwanaTabata (Tabata Segerea)

Asanteni sana wote. Dada Bi_Upinde, umenifikisha mahali. Huyu Mnord haui rafiki. Upanga nitauweka kwenye sanduku la Breezehome, na nitaanzisha msaliti wangu likizo ya Desemba, kwenye faili lake.

FundiPedi, hesabu nimezinakili, nitazitumia kwa huyo wa pili.

Kuhusu kupiga: napenda pigo zito, lile la kushikilia kitufe. Shida yangu ni pumzi. Nikipiga mapigo mazito mawili matatu ile mita ya kijani imekwisha, nabaki naburuza silaha huku napigwa. Ndiyo maana Ebony Blade ulinivutia, una kasi. Kuna silaha ya misheni inayotibu hilo?

---

Bi_Upinde (Kigamboni)

Ipo, na imekaa kama iliyotengenezwa kwa ajili yako. Inaitwa Volendrung, nyundo ya Malacath, Daedra mwingine. Dameji ya msingi 25, imeipita hata Daedric greatsword, na kila ikimgusa adui inamnyonya stamina (ile pumzi) 50 na kukupa wewe. Maana yake pigo zito linakurudishia pumzi ya pigo zito linalofuata. Adui naye akiishiwa stamina hawezi kukurudishia pigo zito lake. Mzigo wake ni 26, hapo Lydia atakuwa na kazi, na inahitaji mawe ya roho, tofauti na ule mweusi.

Misheni ni The Cursed Tribe, inaanzia levo 9, kwa hiyo umeshavuka. Nenda Largashbur, ngome ya Waorc iliyoko kusini magharibi ya mji wa Riften. Kwa kawaida ngome za Waorc hazimfungulii Mnord, lakini hapa utawakuta wanapambana na jitu langoni. Wasaidie. Ukimalizana nalo, bibi mmoja anaitwa Atub atakueleza kwamba kabila limelaaniwa, chifu wao Yamarz amejifungia ndani na hali yake ni mbaya. Atakuagiza mafuta ya troll (zimwi la porini) na moyo wa Daedra ili wamwite Malacath.

Hapa sasa msikilize Malacath anavyozungumza na Yamarz. Anamdharau mbele ya watu wake, anamwita dhaifu, anamwamuru akaliue jitu kuu na kurudi na nyundo yake. Yamarz atakuomba umsindikize mpaka Fallowstone Cave. Mkikaribia, atakusogeza pembeni na kukupa ofa: liue wewe, nitakulipa, nyumbani nitasema nimeliua mimi. Ukikubali, jitu likishaanguka anakugeukia wewe na silaha, kwa sababu wewe ndiye shahidi wake wa pekee.

Nakutajia hili lote mapema kwa sababu nataka uione ikitokea, na uone tofauti. Kwenye mlango wa Nelkir wewe ndiye uliyeshawishiwa kumsaliti aliyekuamini. Hapa umesimama upande wa pili wa upanga. Umemsindikiza mtu, umemlinda njia nzima, na yeye ndiye anayekuchomolea. Zicheze mbili hizi zikifuatana, na mdogo wako akiwa hapo hapo pembeni.

Nyundo ile ya jitu irudishe Largashbur, iweke kwenye madhabahu yao. Itabadilika mbele ya macho yako kuwa Volendrung.

Ukiwa na nyongeza ya gemu iitwayo Dragonborn, baadaye kapitie na mji wa Raven Rock, kuna upanga wa Bloodskal Blade kwenye mgodi. Ukipiga pigo zito unatoka mwali mwekundu unaokwenda mbali. Mzee Crescius Caerellius ndiye mwenye misheni hiyo, anataka kujua kilichomuua babu yake wa zamani mgodini. Lakini anza na nyundo.

---

FundiPedi (Kariakoo, Msimbazi)

Hapo kwa Volendrung namuunga mkono dada, nilikuwa nimeisahau kwa sababu mimi sipendi nyundo, zinachelewa kushuka. Ila kwa mtu wa mapigo mazito, hiyo stamina 50 ni kubwa.

MwanaTabata, kukurahisishia kazi: mafuta ya troll utayapata kwa yule frost troll anayekaa kwenye ngazi 7000 za kupandia High Hrothgar, yale makao ya watawa mlimani, kama hujamuua bado. Nenda na moto, matroll wote wanaogopa moto, na majeraha yao yanajifunga upesi, kwa hiyo usimpe nafasi ya kupumua. Moyo wa Daedra ndio unaowasumbua watu. Usihangaike kuzunguka mapangoni. Panda Chuo cha wachawi cha Winterhold, mtafute Enthir, anauza. Wewe si mchawi, kwa hiyo yule mama wa darajani atakuomba umwonyeshe uchawi mmoja kabla hajakuruhusu kupita; ukikosa, ukiwa umeshajulikana kuwa Dragonborn, yaani mwenye damu ya joka, mpigie ukelele mmoja wa joka, anaukubali. Na nenda na dhahabu ya kutosha, Enthir hapunguzi bei.